Tusimzike mgonjwa wa saratani angali hai

ALIPOPIGA simu ndugu yetu mmoja kutoka Mtinko, mkoani Singida, hakuuliza mama mdogo anaendeleaje. Aliuliza gari la kusafirisha maiti kutoka Dar es Salaam hadi Singida linakodishwa kwa shilingi ngapi, ili ukoo uanze kuchangishana mapema. Wakati anauliza hayo, mama mdogo mwenyewe alikuwa sebuleni kwangu, ameketi mkekani, anachambua mchicha. Simu ilikuwa kwenye spika. Alisikia kila neno.

Hakusema kitu. Alimaliza kuchambua mboga, akanawa mikono, akaingia chumbani kufunga begi lake. Alipotoka akaniambia, "Mwanangu, kesho nipeleke stendi. Kama ni kufa, nikafie kwetu." Siku hiyo alikuwa amemaliza siku ya 14 ya mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, kati ya siku 25 alizopangiwa. Ugonjwa wake ni saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya tatu.

Ndugu msomaji, nimeanza na kisa hiki kwa sababu najua hakiko nyumbani kwangu tu. Wengi wetu tunaoishi mijini tumewahi kumpokea shangazi, baba mkubwa au jirani wa kijijini aliyekuja na karatasi ya rufaa. Tunampa kitanda, tunampa chakula, tunampa nauli ya daladala. Lakini mara nyingi, kwa maneno yetu na nyuso zetu, tunampa pia taarifa kwamba yeye ni marehemu mtarajiwa. Huko ni kumzika mtu angali hai, na Uislamu haukutufundisha hivyo.

Hatua ya tatu maana yake nini?

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe, maana hofu nyingi zinatokana na kutojua. Makadirio ya mwaka 2020 ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, yalionesha kuwa Tanzania ilipata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 kwa mwaka, na vifo karibu 27,000. Saratani ya mlango wa kizazi peke yake ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,500. Wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Mama mdogo naye alitokwa na damu kwa miezi mingi akidhani ni hedhi imerudi uzeeni. Akapewa unga wa mizizi na mganga mmoja, akauza mbuzi wawili kulipia unga huo. Alipopelekwa hospitali na kuchukuliwa kinyama cha kupima, mwaka ulikuwa umeshapita.

Hata hivyo, kuchelewa hakufanani kwa wagonjwa wote. Saratani ya mlango wa kizazi ikiwa hatua ya tatu, imeenea ndani ya nyonga na pengine imeanza kubana mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo, lakini haijafika kwenye mapafu wala ini. Katika hatua hii madaktari bado wanatibu kwa lengo la kuponya. Si wote wanaopona, lakini wapo wanaopona. Ikifika hatua ya nne na kuenea mbali, kwa kawaida lengo linakuwa kurefusha maisha, kuzuia damu na kuondoa maumivu. Hilo nalo ni tiba.

Kwa hiyo tunapomwambia mgonjwa kuwa "imeshakuwa kubwa, tumwachie Mungu", mara nyingi hatujui tunachokisema. Hatujamuuliza daktari ni hatua ya ngapi wala lengo la matibabu ni lipi. Tumesikia neno kansa, tukafunga mjadala.

Somo la Nabii Yaaqub (a.s.)

Tukirejea katika Qur'an tunakuta mafunzo makubwa kuhusu matumaini katika Sura Yusuf. Nabii Yaaqub (a.s.) alimpoteza mwanawe kipenzi, na baada ya miaka mingi akampoteza na wa pili. Aya ya 84 inaeleza kuwa alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe. Aya ya 86 inaonesha kwamba mashitaka ya huzuni yake aliyapeleka kwa Allah (s.w.). Kisha katika aya ya 87 anawaagiza wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye, na wasikate tamaa na rehema ya Allah (s.w.), kwa kuwa kukata tamaa na rehema hiyo ni sifa ya makafiri.

Tuzingatie mpangilio huo. Jambo la kwanza, Yaaqub (a.s.) alilia. Hakuna aliyemwambia kwamba kulia kwake ni upungufu wa imani. Basi na mgonjwa wa saratani akilia usiku tusimkemee kwamba hana subira. Jambo la pili, hakuwaambia wanawe wakae nyumbani wasubiri. Kabla ya kuwakataza kukata tamaa, aliwaamuru wende wakatafute. Matumaini aliyowafundisha yalikuwa na safari ndani yake, yalikuwa na nauli na jasho.

Jambo la tatu, na hili ndilo tunalolisahau, Yaaqub (a.s.) hakuwa na ahadi ya siku wala mahali. Hakujua Yusuf yuko wapi. Alichokuwa na hakika nacho ni rehema ya Mola wake. Ndivyo alivyo mgonjwa wetu. Hatuwezi kumwahidi kwamba atapona, kwa kuwa hilo hatulijui. Tunachoweza kumwambia kwa yakini ni kwamba rehema ya Allah (s.w.) haijafungwa, na kwamba kuitafuta ni ibada.

Mtume (s.a.w.) naye alipoulizwa na mabedui kama watumie dawa, aliwajibu kuwa watumie, kwani Allah (s.w.) hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa, isipokuwa uzee. Hadithi hii imepokewa na Usama bin Sharik (r.a.), na imo katika Abu Daud na Tirmidhi. Na pale Khalifa Omar (r.a.) alipoacha kuingia Sham kwa sababu ya tauni, aliulizwa kama anaikimbia qadari ya Allah. Jibu lake, kama lilivyo katika Bukhari, ni kwamba anaiacha qadari moja ya Allah na kuiendea nyingine ya Allah huyo huyo. Basi kwenda Ocean Road, au Bugando kule Mwanza ambako pia kuna huduma ya mionzi, si kumkimbia Allah.

Wiki nane zisizokatika

Turudi kwa mama mdogo na begi lake. Jioni ile hatukubishana naye. Asubuhi tulimwomba jambo moja tu, tupite kwanza hospitali akaage. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, akamkalisha na kumweleza kwa lugha nyepesi kitu ambacho sisi wenyeji wake hatukukijua.

Alisema mionzi ya nje hutolewa kidogo kidogo, siku tano kwa wiki kwa muda wa wiki tano hivi, pamoja na dripu ya dawa mara moja kwa wiki kwa yule ambaye damu na figo zake zinaruhusu. Baada ya hapo hufuata mionzi ya ndani. Yote kwa pamoja yanatakiwa yakamilike ndani ya wiki nane. Mgonjwa akikatisha katikati, seli za saratani zilizobaki hupata nafasi ya kuzaliana upya, na zile siku alizovumilia zinapoteza sehemu ya faida yake. "Ni kama mkulima aliyepalilia nusu ya shamba akaondoka," alisema, na mama mdogo, mkulima wa alizeti, alielewa mara moja.

Tujiulize basi, ni nini kinachowakatisha wagonjwa matibabu? Kwanza ni madhara ya tiba yenyewe, kama vile kuharisha, uchovu na ngozi kuungua. Mgonjwa hadhani kuwa ni mambo ya kumwambia daktari, anadhani ni kifo kinakaribia. Kumbe mengi yana dawa, na mengi hupungua wiki chache baada ya mionzi kwisha. Pili ni fedha. Kutoka Singida hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 700, na mtu wa Mtinko lazima kwanza afike Singida mjini. Tatu ni mavuno yanayosubiri na wajukuu walioachwa nyumbani. Nne ni simu za ndugu. Hii ya nne haihitaji mfadhili wala bajeti ya serikali kuiondoa. Inahitaji ulimi wenye hofu ya Allah.

Wapo pia wanaowaondoa wagonjwa hospitali kwa ahadi za kuwasomea kisomo na kuwauzia mafuta ya kunywa. Hapana ubaya kumsomea mgonjwa Qur'an, kwani ruqya imethibiti katika Sunna. Ubaya ni kumwambia aache mionzi kwanza. Mtume (s.a.w.) aliomba dua, na aliagiza watu wajitibu. Anayetenganisha mambo hayo mawili atuoneshe dalili yake.

Mgonjwa aliyeacha swala

Kuna jambo jingine ambalo hospitali haiwezi kulitatua, na ni letu sisi Waislamu. Wiki ya kwanza niliona mama mdogo haswali. Nikadhani ni uchovu. Ukhti mmoja anayefundisha darsa la akina mama mtaani kwetu ndiye aliyemdodosa. Akajibu kwa aibu kwamba ana zaidi ya mwaka hajaswali, kwa kuwa damu haikatiki, na mwanamke mwenye damu haswali.

Hebu fikiria, ndugu msomaji. Mtu anapambana na ugonjwa mkubwa kuliko yote aliyowahi kuugua, na wakati huo huo anaamini kuwa mlango wa Mola wake umefungwa mbele yake. Matumaini atayatoa wapi?

Damu ya ugonjwa si hedhi. Ni istihadha. Katika hadithi iliyomo katika Bukhari, Fatima bint Abi Hubaysh (r.a.) alimweleza Mtume (s.a.w.) kwamba damu yake haikomi, akauliza kama aache swala. Alimjibu kwamba hiyo ni damu ya mshipa na si hedhi, hivyo siku zake za hedhi zikipita ajisafishe na aswali. Mwanamke aliyekwisha koma hedhi kwa umri, damu ya saratani haimzuii swala hata siku moja. Atajisafisha, ataweka kitambaa au pedi, atatia udhu kwa kila swala baada ya kuingia wakati wake, na ataswali hata kama damu inatoka. Hukumu ya mwenye mpira wa mkojo au mfuko wa haja ubavuni inafanana na hiyo. Asiyeweza kusimama ataswali ameketi, na asiyeweza kuketi ataswali amelala ubavu, kama Mtume (s.a.w.) alivyomwelekeza Imran bin Husayn (r.a.). Na asiyeweza kufunga Ramadhani kwa maradhi yasiyotarajiwa kupona, atatoa fidya.

Siku mama mdogo alipoelezwa hayo alitia udhu akaswali Adhuhuri. Alikaa juu ya mswala mpaka Alasiri. Baadaye aliniambia, "Kumbe nilikuwa najifungia nje mwenyewe." Kwa maoni yangu, udhu ule ulisaidia kumbakisha Dar es Salaam kuliko nasaha zetu zote.

Adabu za kumtazama mgonjwa

Imepokewa katika Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alimtembelea bedui mmoja mgonjwa, akamwombea kwamba maradhi hayo yawe ni kutakaswa, inshallah. Yule mzee akakataa, akasema hiyo ni homa inayochemka ndani ya mzee mkongwe ili impeleke makaburini. Mtume (s.a.w.) akamjibu kuwa basi na iwe hivyo.

Katika hadithi hii kuna funzo kwa mgonjwa, kwamba asiwe mwepesi wa kuukataa mkono wa heri anaonyooshewa. Na kuna funzo kwa sisi tunaotembelea. Mtume (s.a.w.) aliingia na neno jema, hakuingia na hesabu ya jeneza. Sisi tunaingia na hadithi za fulani aliyekuwa na ugonjwa huo huo na hakumaliza mwezi. Tunamtazama mgonjwa kuanzia kichwani mpaka miguuni na kusema "umekwisha kabisa". Kisha tunaona tumepata thawabu za kumtembelea.

Neno jema si uongo. Familia nyingi zinamficha mgonjwa ugonjwa wake, eti atakata tamaa. Naye anajua kwamba anafichwa, maana wodi nzima ina ugonjwa mmoja, na anabaki peke yake na hofu yake. Rais mstaafu Jakaya Kikwete alipofanyiwa upasuaji katika Hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, Novemba 2014, aliwaambia Watanzania wazi kwamba ni saratani ya tezi dume, na akahimiza wanaume wapime. Mzee Ali Hassan Mwinyi alipofariki Februari 29, 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alilitangazia taifa kwamba mzee wetu alikuwa akiugua saratani ya mapafu. Ikiwa Ikulu inaweza kuutaja ugonjwa kwa jina lake, kwa nini ukoo ushindwe?

Pale tiba inapokuwa ya kuondoa maumivu

Sasa tuseme ukweli wote. Wapo ambao hawatapona. Ocean Road mama mdogo alizoeana na mzee mmoja mwenye saratani ya koo, hatua ya nne, aliyekuwa hawezi kumeza hata uji. Alipewa mionzi michache ili njia ya chakula ifunguke, na morfini ya kunywa kwa ajili ya maumivu. Mzee alipoweza kumeza tena alisema alhamdulillah kwa sauti iliyosikika benchi zima. Akaita wanawe, akaandikisha madeni yake na wasia wake, akasafirishwa kwao. Alifariki miezi michache baadaye, akiwa nyumbani, bila kupiga kelele za maumivu.

Je, mzee huyu hakuwa na matumaini? Alikuwa nayo. Mtume (s.a.w.), siku tatu kabla ya kufariki kwake, aliwausia Waislamu kwamba asife mmoja wao ila akiwa na dhana njema kwa Allah (s.w.). Imo katika Muslim. Kuandika wasia si kukata tamaa, ni Sunna hata kwa mzima. Mtume (s.a.w.) amekataza vile vile kutamani mauti kwa sababu ya dhiki, akatufundisha tumwombe Allah (s.w.) atuhuishe maadamu uhai ni heri kwetu, na atufishe ikiwa mauti ni heri kwetu.

Kuhusu morfini, wapo Waislamu wanaoikataa wakidhani ni kulewa, na wapo wanaodhani kuwa akipewa mgonjwa ndiyo amekatiwa tamaa. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameruhusu dawa hizo kwa haja na kwa kipimo cha daktari. Jirani zetu wa Uganda wametutangulia. Daktari Anne Merriman, Muingereza, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 na kueneza morfini ya maji ya bei nafuu. Mwaka 2004 sheria ya nchi hiyo ikaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika, ili imfikie mgonjwa kijijini. Mgonjwa asiye na maumivu makali hulala, hula, huzungumza na wanawe, na huswali. Kumwacha agaragare kwa maumivu yenye dawa si subira, ni kumdhulumu.

Wajibu wetu mijini

Misikiti yetu ina kamati za ujenzi, za maziko na za Maulid. Ni mingapi ina kamati ya wagonjwa? Hatuhitaji jengo. Tunahitaji watu watatu wenye orodha ya wagonjwa wa mtaani na wageni wao. Tunahitaji nauli ya kwenda na kurudi hospitali kwa wiki nane, na zaka ya fakiri na masikini ipo kwa ajili ya watu kama hao. Tunahitaji mtu anayeweza kuongozana na mgonjwa hadi kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kuomba msamaha wa gharama. Tunahitaji damu, kwani wagonjwa wengi wa saratani hii wanapungukiwa damu, na tiba inaweza kusimama kwa sababu hiyo. Ijumaa moja kila baada ya miezi kadhaa, vijana wachangie damu baada ya swala.

Na tuwakinge walio wazima. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ilianza kutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Uvumi kwamba inafunga kizazi hauna ukweli. Kipimo cha awali cha mlango wa kizazi kwa kutumia siki huchukua dakika chache. Mwanamke anayetokwa na damu baada ya kukoma hedhi asisubiri mwaka, asiuze mbuzi. Aende akapime.

Mama mdogo alimaliza siku zake 25, akamaliza na mionzi ya ndani. Amesharudi Mtinko. Anakuja kliniki kila anapopangiwa, na kila akija tunaogopa majibu, yeye na sisi. Mpaka leo hatujui Allah (s.w.) amemwandikia nini. Lakini msimu huu alipanda alizeti, na yule ndugu aliyeuliza bei ya gari la maiti ndiye aliyemsaidia kuvuna.

Tunamwomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, awape wepesi wale aliowaandikia safari, na atupe sisi wazima ndimi zinazotibu. Amin.